Kikapu cha mavyaa: dawa gani za mitishamba nibakishe nyumbani?

Swali: Asalaam alaykum. Niko Wete, nina watoto watatu: mkubwa ana miaka tisa, wa kati minne, na mdogo miezi saba. Mavyaa wangu amehamia kwetu na amekuja na kikapu chake cha dawa. Ndani mna habasoda, mvuje, asali, uwatu, urukususu, kichupa cha mafuta ya karafuu na unga wa majani ambao hata yeye hajui jina lake. Mtoto mdogo anaota meno, na bibi yake anataka kumpaka mafuta ya karafuu kwenye ufizi. Mume wangu anasema nitupe vyote. Mavyaa, ambaye ana presha na anatumia vidonge vya hospitali, anasema wote tumekuzwa navyo. Mimi nataka kujua vipi vina faida ya kweli kwa maradhi madogo madogo, vipi niviache, na wakati gani nisihangaike tena na dawa za nyumbani. Usiku kwetu gari ni tabu. (Mama wa watatu)

Waalaykumu salaam, mama wa watatu.

Nianze na kichupa, maana hicho hakingoji. Usimpake mtoto wa miezi saba mafuta ya karafuu kwenye ufizi, hata tone moja, hata yakizimuliwa kwa mafuta ya nazi. Kitoe kikapuni leo hii, ukiweke ndani ya kabati lenye kufuli, pahala ambapo yule wa miaka minne akipanda kiti hakifikii.

Najua kwa Mpemba maneno haya yanasikika kama kuambiwa aogope chumvi. Tangu kimbunga cha 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, zao hili limesimama zaidi kwenye mashamba ya kisiwa chenu, na watoto wa huko wanakua wakichambua makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kwa vidole na kulala jirani ya majamvi ya karafuu. Hakuna aliyedhurika kwa hilo. Lakini tufanye hesabu. Karafuu moja kavu ina uzito wa kama sehemu ya kumi ya gramu, na mafuta ni asilimia 15 hadi 20 tu ya uzito huo. Kwa hiyo kijiko kimoja cha chai cha mafuta safi ni sawa na karafuu zaidi ya 200 zilizokusanywa pahala pamoja. Mafuta ya makonyo, yale yanayotolewa kwa mvuke kiwandani Wawi, nayo ni makali vivyo hivyo. Sehemu kubwa ya mafuta haya ni eujenoli, kitu kile kile kinachotia ganzi jino, na ndicho kinachounguza utando wa mdomo na kuharibu ini kikiingia tumboni kwa wingi. Wapo watoto wadogo waliokunywa mililita 5 hadi 10 wakaingia kwenye degedege, wakapoteza fahamu na maini yao yakafeli. Ikitokea bahati mbaya, usimtapishe na usimpe maziwa wala mafuta ya kula "kuzimua". Chukua mtoto, chukua na kichupa chenyewe, nenda hospitali muda huo huo.

Kwa ufizi, osha kidole chako kwa sabuni umsugue taratibu, au mpe kitambaa safi kilichoroweshwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, akitafune huku umemshika. Akilia usiku mpaka hakulaliki, paracetamol ya maji kwa kipimo cha uzito wake inatosha: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, isizidi mara nne kwa siku, na baina ya kipimo na kipimo zipite saa sita. Na jambo moja wazee wetu hawalikubali upesi: meno hayaleti homa kali wala kuharisha. Ukiambiwa "ni meno hayo" na mtoto anachemka au anaendesha mara kwa mara, usikubali. Kuna jengine.

Mumeo anataka vitupwe vyote, na mama yake anataka vitumike vyote. Wote wawili wanakitazama kikapu kizima kizima, na hapo ndipo wanapokosea. Mimi nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa muda mrefu, na ninapoulizwa juu ya mitishamba huuliza maswali mawili kabla ya kuuliza mti gani. Kwanza, iko katika umbo gani? Jani, mbegu au tangawizi uliyoichemsha mwenyewe jikoni ni nadra kumdhuru mtu mzima. Mafuta makali ya kichupa na unga usio na jina, hivyo ndivyo vinavyowaleta watu hospitali. Pili, anapewa nani? Aliye chini ya miezi sita hapewi chochote isipokuwa maziwa ya mama, hata maji. Kuanzia miezi sita hadi mwaka ni maziwa na chakula, lakini si dawa za kuchemshwa. Mjamzito na mtu wa presha, sukari au dawa za kuzuia damu kuganda huulizwa kwanza.

Tukifuata hayo, kikapu kinajipanga chenyewe.

Asali ibaki, na iwe mbele. Katika vitu vyote alivyokuja navyo mavyaa, hii ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko vyote kwa maradhi madogo. Mtoto aliyepita mwaka akiwa na mafua na kikohozi cha usiku, nusu kijiko cha chai hadi kijiko kimoja kabla ya kulala humtuliza koo na humfanya alale. Imepimwa kwa watoto dhidi ya dawa za kikohozi za chupa, na haikushindwa nazo. Mimi mwenyewe naona dawa nyingi za maji za kikohozi ni hasara ya fedha kwa watoto, na kwa wadogo baadhi yake ni hatari. Lakini mdogo wako wa miezi saba haruhusiwi asali kabisa, hata ya kulambishwa kwenye ncha ya kidole, hata ikiwa safi namna gani. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo matumbo yetu sisi huzishinda, ila tumbo la mtoto wa chini ya mwaka huziacha zimee na kutoa sumu inayolegeza misuli. Mtoto huanza kufunga choo, akalegea shingo, akashindwa kunyonya. Kuchemsha asali jikoni hakuui mbegu hizo. Mwambie mavyaa mwaka haujafika, na ukifika atamlambisha yeye mwenyewe.

Kwa wakubwa wawili, na kwenu nyinyi, kikohozi na koo la kukereketa nawaachia chai ya tangawizi mbichi iliyopondwa, ndimu, na asali inayotiwa wakati chai imeshapoa kidogo. Ukipenda tia mchaichai. Sitakudanganya kwamba inaua virusi vya mafua. Mafua huondoka yenyewe ndani ya wiki moja hivi, na kazi ya chai ni kukupitisha humo bila ya mateso. Lakini kuna wakati kikohozi si cha chai. Mtoto akihema kwa haraka, kaa naye akiwa ametulia, chukua simu, hesabu pumzi zake kwa dakika moja kamili. Aliye na miezi miwili hadi kumi na moja akifika pumzi 50 au zaidi, na aliye na mwaka mmoja hadi mitano akifika 40 au zaidi, hiyo huhesabiwa ni dalili ya homa ya mapafu mpaka ipimwe. Vivyo hivyo ukiona kifua chini ya mbavu kinabonyea ndani anapovuta pumzi. Hapo gari ya jirani igongewe mlango, usiku ni usiku.

Kujifukiza nako tangu mwaka 2020 kumekuwa desturi nyumba nyingi, kivumbasi na majani ya mkaratusi ndani ya sufuria na shuka kichwani. Kwa mtu mzima aliyeziba pua mvuke humpa nafuu ya muda. Kwa watoto nasema hapana. Nimeona zaidi watoto walioungua mapaja kwa sufuria iliyopinduka kuliko waliopona mafua kwa mvuke. Na yale mafuta ya mkaratusi na kafuri yanayouzwa kwenye vichupa ni ndugu wa kile kichupa cha karafuu: mililita chache za mkaratusi, au kipande kidogo cha kafuri kikimezwa, humtia mtoto degedege. Wala usimpake mtoto mchanga mafuta ya namna hiyo chini ya pua. Njia yake ya hewa ni nyembamba na hujikaza ghafla.

Sasa karafuu yenyewe, ile kavu. Hiyo ibaki, tena ni aibu nyumba ya Wete kukosa karafuu. Mtu mzima au mtoto mkubwa mwenye kujua kutema akiumwa jino usiku, aweke karafuu moja upande unaouma, aibane taratibu kwa meno mpaka ilainike, aiache kwa dakika chache, kisha aitupe. Ganzi itakuja. Ukitaka kujua karafuu yako ni nzima, ibonyeze kwa ukucha: ikiwa ina mafuta utayaona na kuyanusa. Au itie kwenye gilasi ya maji. Nzuri huzama au husimama wima kichwa juu, na iliyokwisha kukamuliwa hulala juu ya maji. Lakini karafuu haizibi tundu la jino. Uso ukivimba, homa ikipanda, au mdomo ukishindwa kufunguka sawasawa, usaha umeshakusanyika na ganzi haisaidii kitu. Na tafadhali, asiwekwe mtu kidonge cha aspirin juu ya ufizi. Huunguza nyama, na kidonda hicho ni kibaya kuliko jino.

Tumbo lina habari ndefu zaidi, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize kwa utulivu.

Kichefuchefu kwanza, maana hicho chepesi. Tangawizi inafanya kazi kweli, kwa safari ya boti na hata kwa mjamzito wa miezi ya mwanzo. Kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, kikatwe vipande vyembamba, kiloweke kwenye maji ya moto dakika kumi, kinywewe kidogo kidogo. Mwenye kiungulia asizidishe. Tumbo lililojaa gesi hutulizwa na iliki au mnanaa katika chai, na hilo mavyaa wako anajua kuliko mimi.

Kuharisha ni jambo jengine. Huko kwetu jibu la kwanza ni majani ya mpera, na kweli yana ukakasi unaopunguza choo kwa mtu mzima. Mtu mzima asiye na homa wala damu kwenye choo akinywa kikombe cha majani ya mpera yaliyochemshwa sina ugomvi naye. Kwa mtoto shida inayoua ni maji na chumvi zinazomtoka, na jani la mpera halirudishi hata kimoja. Weka ndani ya nyumba pakiti za ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha, na vidonge vya zinki, viwili hivi kabla ya mti wowote. Soma pakiti inataka maji kiasi gani, maana nyingi ni za lita moja lakini si zote, yatumie maji salama, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Pakiti zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kupimwa kwa kufuta juu, si kwa kilima. Chumvi isizidi, bora ipungue. Mdogo wako apewe mililita 50 hadi 100 baada ya kila choo, kwa kijiko, na aendelee kunyonya. Wa miaka minne, 100 hadi 200. Zinki kwa aliyepita miezi sita ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kama choo kimeshashika. Watu wengi huacha siku ya tatu, na faida ya zinki inapotea hapo.

Utaniuliza dafu. Dafu ni tamu, ni safi likiwa limefunguliwa sasa hivi, na lina potasiamu tele, lakini sodiamu yake ni ndogo mno kwa mtoto anayeharisha kwa nguvu. Apewe pamoja na ORS, si badala yake. Maji ya mchele na uji mwepesi uliotiwa chumvi kidogo pia ni msaada mzuri wa zamani.

Ondokeni nyumbani ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, analia bila machozi, anashindwa kunywa au anatapika kila kitu, au choo kinatoka kama maji ya mchele kwa wingi. Hilo la mwisho lisikungojeshe hata asubuhi. Kipindupindu kinajulikana visiwani kwetu, na humkausha mtu kwa saa chache.

Na lile "chango"? Mtoto anayejikunja na kulia jioni katika miezi ya mwanzo mara nyingi ana msokoto wa kawaida ambao huisha anapofika miezi mitatu au minne. Dawa ya mizizi anayopewa wakati huo hupata sifa ambayo ni ya miezi tu. Wako ana saba, ameshavuka huko. Akianza leo kulia kwa vipindi vipindi, akijikunja miguu, akabadilika rangi, huku akitapika au akitoa choo chenye damu na ute, usitafute mzizi. Kipande kimoja cha utumbo wake kinaweza kuwa kimejipachika ndani ya kingine, na hilo ni la daktari wa upasuaji.

Mvuje, basi, ule utomvu mkavu wenye harufu kali. Harufu yake hainidhuru mimi wala mtoto, na sitaingia katika ugomvi wa jicho la watu na mavyaa wa mtu. Ninachokiomba ni kwamba usifungwe kwa uzi shingoni, kwa sababu uzi hunyonga, wala mkononi, kwa sababu mkono wa mtoto wa miezi saba unaishi mdomoni. Ushoneeni kwenye pazia la kitanda. Kuunywesha ndiko kunakokatazwa: mtoto mchanga aliyepewa mvuje amewahi kuripotiwa damu yake kushindwa kubeba hewa, akageuka rangi ya kijivu na buluu. Nikiwa bado kwenye mambo ya mtoto, wanja usimpake machoni. Wanja wa manga mara nyingi ni madini ya risasi, na risasi hiyo huingia mwilini mwa mtoto na kudhuru ubongo kimya kimya. Hina ya mwili mzima kwa mtoto mchanga iacheni pia. Pwani yetu ina watu wengi wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu, na hina inaweza kuzipasua chembe za damu za mtoto wa namna hiyo. Vidonge vyeupe vya kuwekea nguo kabatini ni hatari hiyo hiyo. Ubani fukizeni sebuleni, mtoto akiwa chumba kingine, na kama yuko mwenye pumu ndani ya nyumba uacheni kabisa.

Habasoda. Hadithi yake iliyopokewa kwa Abu Huraira naijua, na sibishani nayo. Haikusema mtoto anyweshwe mafuta yake kwa kijiko. Mbegu chache kwenye mkate au zilizosagwa na asali ni sawa kwa mtu mzima. Lakini kwa mavyaa wako angalia: habasoda kwa wingi imeonekana kushusha presha na sukari kidogo, na yeye tayari anatumia vidonge. Akizidisha, atasikia kizunguzungu anaposimama. Thomu (kitunguu saumu) mbichi inayotafunwa kila asubuhi ni hivyo hivyo, na mwenye kutumia dawa ya kuzuia damu kuganda isimkaribie kwa kipimo cha dawa. Iliyomo ndani ya mchuzi haina neno.

Katika kikapu chote, kitu ninachotaka umwondolee mavyaa kwa upole ni urukususu. Mzizi huu mtamu hutuliza koo, ndiyo, na wazee wanaupenda kuutafuna. Ila una kitu kinachozuia chumvi isitoke mwilini na kufukuza potasiamu. Mtu wa presha akiutumia siku nyingi mfululizo presha hupanda hata kama hakosi vidonge, na daktari atakaa anaongeza dawa bila kujua sababu. Muulize kama anautafuna kila siku. Kama ndiyo, aache, na presha ipimwe tena baada ya wiki kadhaa.

Uwatu ubaki jikoni, kwa uji na mchuzi. Wewe unanyonyesha, na wanawake wengi huona maziwa yanaongezeka. Ushahidi si mkubwa, lakini kwa kiasi cha chakula sioni tatizo. Usishtuke jasho lako au la mtoto likinukia uwatu. Mwenye kisukari anayetumia dawa ajue kwamba unashusha sukari, na ukipata mimba nyingine rudi kwenye kiasi cha kiungo tu.

Kungumanga hukuitaja, lakini katika nyumba ya viungo haikosi, na mabinti huambiwa maneno mengi juu yake siku za harusi. Kukwaruza kidogo juu ya uji ni sawa. Kokwa nzima iliyosagwa ikinywewa kwa mara moja humfanya mtu aone yasiyokuwapo, moyo umwende mbio, alale siku nzima. Ifungie pamoja na kichupa.

Unga usio na jina tupa. Hapa simungunyi maneno na wala sihitaji kuuona. Kitu usichokijua jina huwezi kukijua kipimo, wala huwezi kumwambia daktari mtoto alikula nini. Na ukiona unga au kidonge cha "mitishamba" kinachodai kutibu vidonda vya tumbo, sukari, presha na nguvu za kiume kwa pamoja, na kweli kinamwondolea mtu maumivu ya viungo ndani ya saa moja, mara nyingi kimechanganywa na dawa za hospitali ambazo muuzaji hakuzitaja. Visiwani tuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala na tuna Wakala wa Chakula na Dawa. Mganga aliyesajiliwa ataweza kukuambia mti wake na kipimo chake.

Ngozi sikuisahau. Mafuta ya nazi ya kupikwa nyumbani yanatosha kwa ngozi kavu ya wote, mkubwa na mdogo. Vipele vya joto na kuwashwa kwa wakubwa, maji ya majani ya mwarobaini yaliyochemshwa na kupozwa ni ya kuogea, si ya kunywa. Kwa mjamzito mwarobaini haunyweki, na mafuta ya mbegu zake yamewahi kuua watoto wachanga waliopewa kijiko. Upele wa kuwasha usiku baina ya vidole hautoki kwa kuoga majani. Unataka dawa ya kupaka kutoka duka la dawa, na nyumba nzima mpake siku moja. Mapunye kichwani nayo huhitaji vidonge. Ndimu usimpake mtu ngozini kisha akatoka juani, atapata madoa ya kuungua yasiyoondoka upesi.

Mtu akiungua, maji ya baridi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 kamili, hata kwa kata na ndoo. Si dawa ya meno, si yai, si unga wa ngano, si mafuta ya taa. Baada ya hapo, kama ni wekundu mdogo usio na malengelenge makubwa, utomvu wa shubiri unapoza vizuri. Likate jani, lisimamishe kwanza yatoke yale maji ya njano yaliyo karibu na ganda, maana hayo huwasha na yakinywewa huharisha, kisha tumia ute mweupe wa ndani. Kuungua usoni, sehemu za siri, kwenye viungo, au pakubwa kuliko kiganja cha mwenyewe aliyeungua, ni hospitali. Jichoni usitie chochote: si maziwa ya mama, si asali, si ndimu.

Homa nimeiacha kando kwa makusudi kwa sababu sina mti wa kukupa. Zanzibar imeshusha maambukizi ya malaria mpaka chini ya asilimia moja kwa miaka mingi sasa, na ndiyo maana homa haitibiwi kwa kukisia, iwe kwa mwarobaini au kwa vidonge vilivyobaki. Kila homa ipimwe, hasa kama kuna aliyetoka bara karibuni. Najua dawa yenyewe ya malaria imetoka kwenye mmea wa artemisia, na aliyeigundua, Tu Youyou wa China, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini dawa ile imepimwa na imeunganishwa na nyengine. Chai ya majani yake huvipa vimelea nafasi ya kuizoea dawa, na Shirika la Afya Duniani halishauri kuitumia. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa, au yeyote mwenye shingo ngumu, degedege, au usingizi usioamshika, haingojwi asubuhi. Kwa kuwa gari kwenu ni tabu usiku, kubaliana mapema, mchana, na jirani mmoja mwenye gari au bodaboda, na namba yake ibandikwe mlangoni.

Kuhusu kuhifadhi: chupa za kioo kavu zenye vifuniko, jina na mwezi ulioandikwa juu, mbali na jiko na mvuke. Hewa yetu ni ya unyevu, na ukungu huingia kwenye majani kabla hujauona. Kilichonukia uvundo au kilichobadilika rangi kitupwe, na majani makavu yasipite miezi sita. Usihifadhi dawa wala mafuta ya taa kwenye chupa za soda.

Kama una kiwanja, masika ikija panda mchaichai, tangawizi na shina moja la shubiri karibu na mlango wa jikoni, na mnanaa kwenye ndoo iliyotoboka. Na utazame ua wa nyuma kama ni wa mbono kaburi. Watoto hupenda kuzila zile mbegu kwa kuwa ladha yake ni kama karanga, na tatu nne tu zinatosha kuwatapisha na kuwaharisha vibaya. Ikiwa ndiyo, wafundishe wakubwa wawili leo, na kabla mdogo hajaanza kutambaa mpaka huko, mumeo aung'oe.